Kifungo cha Mwisho

Saa gani hiyo inayoharibika mara moja kila mwaka, mwezi uleule, na hapana mtu mwingine chini ya jua anayeweza kuitengeneza isipokuwa mume wangu? Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka kumi na tisa. Sikumuuliza. Akinijibu uongo ningejua, na nikijua itabidi nifanye jambo. Akinijibu kweli ingebidi nifanye jambo kubwa zaidi.

Mume wangu ni fundi saa. Kibanda chake kimepakana na duka langu la dobi. Akipiga chafya mimi nasikia. Mtaani wanamwita Fundi Dakika, mimi wananiita Mama Pasi. Kila mwaka alikuwa akifunga begi lake na kwenda nchi ile ambako watu huenda kwa ajili ya dini, nchi ambayo kila mtaa una nyumba ya ibada ya kale na kila kaburi la mtakatifu lina mlinzi wake. Wenzake waliokwenda huko walikwenda kutubu. Yeye alisema anakwenda kutengeneza saa ya mnara. Siku kumi, anarudi.

Sasa, mtu anaweza kunidanganya kwa maneno, lakini si kwa nguo. Mwanamume aliyekaa ugenini siku kumi hurudi na begi zima la nguo chafu. Huyu alirudi na mashati sita yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Wala haikuwa pasi ya hotelini. Pasi ya hotelini ina haraka, huacha kola iking'aa. Hii ilikuwa pasi ya mtu mwenye muda, mtu aliyeinama juu ya shati la mume wangu na kulipenda. Mikono ilikunjwa kwa nyuma mara tatu. Mimi hukunja mara mbili.

Halafu kile kifungo. Kwenye shati jeupe, kifungo cha mwisho kabisa, kile kinachoingia ndani ya suruali, kilikuwa kimekatwa na kushonwa upya kwa uzi mwekundu. Mwekundu, kwenye shati jeupe! Mimi mwenyewe ndiye niliyekishona kile kifungo, na kazi yangu haifumuki ovyo. Basi kuna mkono uliofika pale chini, ukakata uzi wangu, ukaweka wake.

Siku ile nilifua mashati yote sita upya, na maji yaliona cha moto. Nikaufumua ule uzi mwekundu, nikashona kifungo kwa uzi mweusi, nikapiga mafundo matatu. Mwaka uliofuata nikamfungashia shati lilelile makusudi. Nilitaka huyo mtu ajue nimemwona. Shati likarudi na uzi mwekundu. Nikaweka mweusi. Likarudi na mwekundu. Shati lilipochakaa nikanunua jingine jeupe, vita ikaendelea hapohapo tulipoiacha.

"Ulifikia wapi?" ningemuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Kwa mwenyeji wangu."

"Anakutunza?"

"Ananitunza sana. Anapika mwenyewe. Analala mapema, anaamka kabla ya jua. Anakusalimu."

Lugha yetu nayo inajua kuficha watu. Anapika, analala, anasalimu, nani? Mwanamume au mwanamke? Unaweza kukaa na mtu meza moja mwaka mzima ukimsikiliza anasimulia habari za mwenziwe, na usijue kama ana ndevu au ana hereni. Mara moja nilimtegea. Nilimwambia nataka kumpelekea mwenyeji wake zawadi, je, ninunue shati au gauni? Akafikiri kidogo, akasema, "Mpelekee sabuni."

Nikampa vipande vya ile sabuni yangu ya dukani, ninayoipika mwenyewe kwa majani ya limau. Aliporudi alisema mwenyeji wake ameipenda mno, kwa hiyo mwaka uliofuata nikapeleka tena. Ndivyo nilivyokuwa mjinga: nampelekea adui yangu sabuni ya kufulia mume wangu.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Mikono yake imeanza kutetemeka, kibano kinamponyoka, na kwa fundi saa hiyo si habari ndogo. Adhuhuri moja alikuja dukani kwangu, akasimama mbele ya meza ya pasi akichezea kibanio cha nguo.

"Mama watoto, safari hii twende wote."

"Wote wapi?"

"Kwenye saa."

Pasi ilibaki juu ya suruali ya mwalimu mmoja mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Miaka kumi na tisa hajanialika, leo ananialika. Kuna nini?

Dada yangu mkubwa ameolewa mara tatu, kwa hiyo mambo haya ameyasomea. Nilipomweleza hakuchukua hata dakika. "Anataka kukutambulisha kwa mwenzio," alisema. "Wanaume wakizeeka wanachoka kubeba nyumba mbili. Ataziweka pamoja, na wewe utaambiwa uwe mtu mzima."

"Sitakuwa mtu mzima."

"Usiwe. Chumba cha uani kwangu kipo. Lete vitu vyako kabla hujasafiri, ukimkuta huyo mwanamke unateremka moja kwa moja kwangu."

Nikafanya hivyo. Masanduku mawili: nguo zangu, picha za binti zetu wawili, pasi ya zamani ya mama yangu. Niliyapeleka mwenyewe asubuhi moja akiwa kibandani. Na nikajiapia: nikimkuta mwanamke, katika nyumba ile sirudi tena, hata kufuata kijiko.

Tulifika mchana. Mji wenyewe ni wa mawe, vichochoro vyake vinapanda na kushuka, na kila kona kuna mtu anakuuzia utakatifu: mishumaa, tasbihi, chupa ndogo za maji ya chemchemi. Muuza maji wa kwanza niliyemtupia macho nilimwona anajaza chupa kwenye bomba nyuma ya duka. Tukaingia nyumba moja ya kale kuona unyayo wa mtakatifu kwenye jiwe, chini ya taa. Unyayo wa kushoto. Tukaingia nyumba ya pili, mtakatifu yuleyule, jiwe jingine, unyayo mwingine. Wa kushoto.

"Huyu alikuwa na miguu miwili ya kushoto?" nilimnong'oneza.

"Shh. Watu wanalia."

Kweli walikuwa wanalia. Mwanamke mmoja alikuwa amelaza shavu lake juu ya lile jiwe na machozi yanamtiririka, na mimi nikaona haya kidogo. Lakini haya haikuniondolea shaka. Mji mzima uliozoea kuamini unachoambiwa, nilijisemea, ndio mji mzuri wa kumficha mwanamke.

Kisha tukafika uwanjani na nikaiona ile saa. Mnara mrefu, saa kubwa ya duara, mishale ya shaba. Nikatazama saa yangu ya mkononi, ambayo ameitengeneza yeye mwenyewe na haijawahi kukosea. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Nikatazama juu. Saa tisa na dakika kumi na mbili.

"Inakwenda," nilimwambia.

"Ndiyo, inakwenda."

"Sasa tumekuja kutengeneza nini?"

"Kuikagua tu." Akainua begi, akatangulia mbele.

Tulifikia nyumba ya mahujaji, pembeni ya mnara. Msimamizi, mzee mnene mwenye funguo kiunoni, alimkumbatia mume wangu kama ndugu yake wa tumbo moja. Halafu akanigeukia, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema neno moja refu kwa lugha yao huku akijipiga kifuani. Mume wangu akatazama sakafu.

"Kasema nini?"

"Kasema karibu."

"Neno refu hivyo lote ni karibu?"

Chumba kilikuwa safi, vitanda viwili, dirisha moja. Chini ya kitanda cha kushoto palikuwa na ndara za mume wangu, zimechakaa kwa umbo la mguu wake. Juu ya kitanda palikuwa na mto wenye foronya iliyotiwa wanga. Niliinamisha pua. Limau. Sabuni yangu.

Nilifungua begi, nikatoa mashati yake, nikayatundika, na lile jeupe lenye kifungo cha uzi mweusi nikalitundika mbele ya yote. Nilitaka alivae. Kama ni vita, basi tuimalizie hapahapa.

Kesho yake asubuhi alilivaa. Akanywa chai, akajifuta mdomo, akasema, "Nakwenda mnarani. Wewe pumzika, nitakuja kukuchukua. Kuna mtu nataka umwone."

"Nani?"

"Nitakuja kukuchukua," alirudia.

Nilihesabu hatua zake mpaka zikaisha kwenye ngazi, ndipo nikajitanda shuka langu na kumfuata. Mlango wa mnara ulikuwa na kufuli, na kufuli lenyewe lilikuwa na utando wa buibui. Hasira ikanipanda. Sikulia. Nilishalia vya kutosha miaka ile juu ya ndoo.

Harufu ndiyo iliyonionyesha njia. Upepo ulileta limau kutoka upande wa nyuma, nikaifuata kwenye kichochoro, nikapita mlango mdogo wa mbao, nikajikuta kwenye ua mpana uliojaa kamba za nguo. Vitambaa vyeupe vya ibada, virefu, vimeanikwa mstari juu ya mstari. Hata katika hasira yangu, dobi ndani yangu aliona: vibanio vimepangwa kwa vipimo sawa, pindo zote zinatazama upande mmoja. Huyu mwanamke alijua kazi. Nikamchukia zaidi.

Chini ya kitambaa cha mwisho nikaona ndara za mume wangu. Amekaa kwenye kigoda, hana shati, fulana tu. Nikaona kiganja cha mwanamke kimeshika shati jeupe. Kisha sauti, kwa lugha yetu, laini kama ya mtu wa ndani ya nyumba:

"Tulia, baba. Usinitikise."

Baba! Kwa neno hilo mwanamke humwita mwanawe wa kumnyonyesha au mwanamume anayelala naye. Na mume wangu ana miaka sitini na miwili.

Nilikivuta kile kitambaa kitakatifu kikaanguka na vibanio vyake. "Ndiye huyu?" nilipiga kelele. "Ndiye huyu anayekukatia vifungo?"

Mume wangu alisimama. Yule mwanamke hakusimama, na nilipomwona vizuri nikaelewa kwa nini. Alikuwa kikongwe. Mdogo, mkavu, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe kama wahudumu wote wa ile nyumba, na masikio mawili yamechomoza pembeni ya kitambaa. Masikio yale nayajua. Binti yangu mdogo amelia kwa sababu ya masikio yale tangu darasa la kwanza.

"Mama watoto," mume wangu alisema, "huyu ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako amekufa."

"Sijasema amekufa."

"Umesema! Siku ya kwanza kabisa tulipokaa kwenye benchi la hospitali, ulisema una miaka saba mama yako—"

"Nilisema alituacha," alisema. "Nikiwa na miaka saba, mama alituacha. Ndivyo nilivyosema."

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Na mimi, kama mtu yeyote mwenye adabu, nilimpa pole, nikamshika mkono, na kwa sehemu kubwa nilimpenda kwa sababu ya ile pole.

Ikatoka yote pale pale, yeye amesimama na fulana. Mama yake alikuja huku na kundi la mahujaji, wiki mbili, akabaki kuwa mhudumu, hakurudi. Baba yake aliwaambia majirani, "Mama watoto ametuacha." Majirani wakaanza kuja na nyuso za msiba, wakakaa, wakalia, wakapika. Baba akaona afadhali kuwa mjane kuliko kuwa mume aliyekimbiwa. Akainamisha kichwa, akapokea rambirambi. Mtoto wa miaka saba akakaa matangani kwa mama ambaye alijua yu hai. Baadaye neno likawa lake, kama kiatu cha kurithi.

"Na saa?"

"Saa ilikuwa kweli, mwaka wa kwanza. Ilisimama, mama akawaambia ana mtoto fundi, wakanitafuta. Nikaitengeneza. Haijasimama tena."

"Miaka kumi na tisa," nilisema, "umeniacha nife na wivu juu ya mama mkwe wangu."

"Kila mwaka nilisema nitakwambia. Halafu nikafikiria ile siku ya benchi. Nikaona utaniuliza, na mengine je?"

"Na nakuuliza! Na mengine je?"

"Hakuna mengine."

Sijui kama nilimwamini. Nilimtazama usoni nikitafuta pa kumshika, nikaona amezeeka, amechoka, anatetemeka. "Wewe," nilimwambia, "tutaongea nyumbani."

"Nyumbani wapi?" aliuliza polepole. "Niliona kabati lako lipo tupu."

Basi alijua. Aliliona kabati, akajua nakuja huku kuamua, na bado hakuniambia mpaka nilipoangusha nguo za watu kambani. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumvalisha shati, maana kulikuwa na upepo.

Muda wote huo bibi alikuwa ananitazama, shati jeupe limelala mapajani. Ndipo nikakumbuka kuwa sijamsalimu mama wa mume wangu, na nimemwangushia nguo mavumbini. Likanitoka lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alinipokea mkono kwa mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa vimeparuka mahali palepale vyangu vilipoparuka, kwenye viungo, kwa kufikicha. "Asante kwa salamu zako za kila mwaka. Mwanangu anazileta. Na sabuni. Ila zaidi ya vyote, asante kwa kifungo."

Mume wangu akageuka akaanza kuokota vibanio.

"Mwaka wa kwanza," bibi alisema, "niliambiwa mkwe wangu ni dobi. Nikasema, kama ni dobi kweli, nikimwekea uzi mwekundu mahali pasipoonekana, ataona. Sikuweza kukuandikia. Mwanangu alisema ngoja kwanza, na mimi niliyeondoka nina haki gani ya kuharakisha mtu? Mwaka wa pili shati likarudi na uzi mweusi. Nililia, mwanangu. Nikasema, amenijibu. Basi kila mwaka naweka wangu, na wewe unaweka wako. Wenzangu hapa wote wanajua. Begi likifika wanakuja kuangalia kifungo kabla hata ya kumsalimu mwenye begi. Yule msimamizi jana alikwambia, yule wa uzi mweusi amefika. Hakukwambia?"

"Aliniambia," nilisema.

Simu ikalia ndani ya shuka langu. Dada. Nilipokea kwa sababu asipopokelewa hupiga mpaka chaji iishe.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Nilisema mimi! Nilisema! Chumba nimeshafagia, kitanda—"

"Dada, rudisha masanduku yangu nyumbani."

"Una wazimu? Amekulisha nini huyo? Nani huyo mwanamke?"

"Nitakupigia," nilisema, nikakata.

Mume wangu alikuwa ameinama kwenye vibanio, mgongo wake umenielekea, na niliona mabega yanamtikisika. Sikumwendea. Bado nilikuwa na hasira naye ya mwaka mzima mbele.

Bibi alinivuta mkono nikakaa kwenye kile kigoda. "Kuna jambo moja limenisumbua," alisema. Akaliweka shati mikononi mwangu, kidole chake kikiwa juu ya kifungo cha mwisho. Uzi wangu ulikuwa bado upo, alikuwa hajaukata. "Ni haya mafundo. Kila mwaka matatu, hukosei. Mkasi wangu unahangaika nayo, kucha zinakatika. Nimewaza na kuwaza. Niliwahi kudhani ni mimi, wewe na mwanangu. Mwingine hapa akasema ni wajukuu, nikamwambia wajukuu ni wawili. Maana yake nini, mwanangu?"

Fundo la kwanza lilikuwa la kusema nimekuona. La pili, shati hili lina mwenyewe. La tatu siwezi kuliandika, na nilikuwa nimelikaza kwa meno.

"La kwanza ni shikamoo," nilimwambia.

Akatikisa kichwa kuitikia, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo.

"La pili, asante kwa kunitunzia."

"Na la tatu?"

Nilitaka kutunga jingine zuri, likakosekana. Nikatazama ile mikono iliyoparuka.

"La tatu lilikuwa swali, mama. Nilikuwa nauliza, wewe ni nani."

Juu yetu saa ya mnara ikagonga saa nne, na sote watatu, kwa mazoea ya kuishi na fundi mmoja, tukanyamaza mpaka imalize.

"Nimechelewa kukujibu," alisema.

Akachukua mkasi, akaanza kuhangaika na mafundo. Nikamsaidia kuyafumua, moja moja, mpaka uzi mweusi ukatoka. Kisha akainua sindano kwenye mwanga, akakosa tundu, akakosa tena, akacheka. Nikaichukua, nikalamba ncha ya uzi mwekundu, nikautunga, nikamrudishia amalizie.